King'ora cha Bondeni

Wewe uliona. Usijifanye mgeni. Ulipanda basi Songea, ukanunua mahindi ya kuchoma pale Kitai, na gari lilipokata kona kupishana na malori ya makaa ya mawe uliinua macho, ukauona ule ukuta wa udongo mweusi umekaa juu ya mapaa ya watu kama mzigo uliofungwa vibaya juu ya keria. Uliuona vizuri tu. Halafu ukainamia simu yako. Uliporudi kutoka Mbinga ulipita tena palepale, na safari hiyo hukuinua hata hayo macho. Basi leo utasikiliza yaliyompata Ottilia, maana yeye hakuwa na dirisha la basi la kumpitisha haraka.

Ottilia alikuwa mtu wa kompyuta katika kampuni moja ya makaa, huko upande wa Ngaka. Ofisi yake ilikuwa kontena jeupe kando ya mizani ya kupimia malori, na ndani ya kontena kulikuwa na seva moja iliyounguruma mchana kutwa. Mashine hiyo ilisoma uzito wa malori. Ilipokea picha za kamera za getini. Na ilikuwa na kazi ya tatu, ambayo wageni wa kampuni walikuwa hawaonyeshwi: kupiga king'ora cha Bondeni.

Bondeni ni kitongoji kilicho chini ya bwawa la maji machafu. Maji yaliyooshea makaa yanakusanywa nyuma ya ule ukuta ulioupita. Wenyeji wa Bondeni hawakuanzia pale. Walikuwa juu, kwenye kahawa yao na mashamba yao ya ngolo, yale ya vishimo vya mteremkoni, mpaka makaa yalipogunduliwa chini ya miguu yao wakaambiwa washuke kidogo, kwa muda, wakati wanatafutiwa mahali pazuri. Watoto waliozaliwa katika huo muda sasa wanasoma sekondari.

Pale aliishi Bibi Tadea, aliyemlea Ottilia tangu mama yake alipoolewa mara ya pili Kihagara. Na pale, juu ya mlingoti karibu na kanisa dogo, kilikaa king'ora. Makubaliano yalikuwa mepesi hata mtoto aliyajua. Kule bwawani kuna boya. Maji yakipanda mpaka alama nyekundu, boya linaiarifu mashine, mashine inapiga king'ora, watu wanaacha kila kitu wanapanda barabarani. Na ili kila mtu aizoee sauti yake, saa sita ya kila siku, kengele ya kanisa inapoita watu kwenye sala ya Malaika wa Bwana, king'ora nacho kililia kidogo kikanyamaza.

"Sasa hiyo mashine yako," Bibi Tadea alimuuliza siku moja wakimenya maharage, "malori yote hayo, mapicha yote hayo, inayakumbuka kwa kichwa gani?"

"Haiyakumbuki yote kwa pamoja, bibi. Tazama hapa jikoni kwako. Mwiko uko wapi?"

"Si huu hapa."

"Na ungo?"

"Nimeuegemeza hapo nyuma yako, utaukanyaga."

"Na ile sufuria kubwa ya kipaimara cha mjomba Vitalis?"

"Iko darini huko na buibui. Nani anapika sufuria ile kila siku?"

"Basi umeshaijua kompyuta. Ina nafasi ndogo karibu na moto, kila kitu unanyoosha mkono tu. Hiyo ndiyo kumbukumbu. Ina msimamizi wake, mafundi wanamwita mfumo endeshi. Nafasi ikijaa, msimamizi anaangalia ni kitu gani hakijaguswa siku nyingi, anakipandisha darini. Dari ni diski. Sehemu hiyo ya diski inaitwa swapu. Kitu hakijapotea, ila ukikitaka lazima upande ngazi."

"Na nikikitaka moto umeshawaka?"

"Ugali unaungua."

Bibi alicheka mpaka maharage yakamwagika. "Huyo msimamizi ni mama mkwe wangu kabisa! Usipoonekana jikoni kwake siku mbili, ukirudi kigoda chako kiko kwa kuku."

Alikuwa hodari wa kucheka, yule mama. Mkumbuke hivyo.

Ikatokea katekista mzee, Bartholomayo, akafariki. Bondeni nzima ikakaa msibani. Saa sita ilipofika, wanawake wako katikati ya wimbo, king'ora kikalia juu ya vichwa vyao kama kinawakemea. Mjane akashtuka akaangusha kikombe. Jioni ile Mwenyekiti wa kitongoji, Kilian, alipanda mpaka kwenye kontena pamoja na Bibi Tadea mwenyewe.

"Binti yetu," alisema Kilian, kofia mkononi, "marehemu alikubatiza wewe kabla padre hajafika, ulivyokuwa mgonjwa. Mwache alale. Kinyamazishe mpaka tuanue matanga."

Ungekataa? Ottilia hakukataa. Aliondoa jaribio la saa sita kwa vidole vyake mwenyewe, na aliona amefanya jambo la heshima. Matanga yakaanuliwa. Kabla hajalirudisha, mtoto wa Lidia jirani akafa kwa homa, na huwezi kumheshimu mzee ukamdharau mtoto. King'ora kikaachwa kimya. Msiba wa tatu ulipopita, Injinia Steven, mkuu wa kituo, akapitisha kichwa mlangoni.

"Hicho king'ora chako kiache hivyohivyo. Wageni wanakuja, wakikisikia wataanza kuuliza kuna nini. Na watu wameshazoea utulivu."

Ottilia alisema sawa, Injinia. Mkataba wake ulikuwa unakaribia mwisho.

Sasa fuata jambo hili polepole, maana ndilo walilotaka usilielewe. Ile sauti fupi ya saa sita haikuwa ya masikio ya watu peke yao. Kila ilipolia, programu ya king'ora iliguswa. Msimamizi wa mashine aliiona iko kazini, akaiacha karibu na moto. Siku watu walipoomba kimya, programu ikakaa bila kuguswa, inasubiri boya. Kamera nazo zikaongezwa getini, kisha mizanini, kisha mpaka kwenye mlango wa kantini, na kila moja ikadai nafasi. Msimamizi akaanza kutazama ni nani hasikiki. Hana chuki, hana upendeleo, hajui maana ya watoto walio chini ya ukuta. Anajua aliyeitwa karibuni na asiyeitwa. Akaikuta programu ya king'ora imelala kimya, akaipandisha darini, kipande baada ya kipande, na kwenye kioo cha kompyuta jina lake likaendelea kuonekana kana kwamba ipo nzima.

Ottilia aligundua kwa sababu mvua zilianza na moyo wake ulikuwa unamsumbua. Alimpigia Aidan, mlinzi wa bwawa, asubuhi moja.

"Kaka, nimeshamwambia Mwenyekiti kwamba ni majaribio. Liinue boya kwa mkono."

"Nimeinua."

Kwenye seva taa ya diski iliwaka ikaganda, haikupepesa. Diski ikaanza kukwaruza. Kwenye mizani lori likapimwa, likaondoka. La pili likapanda. Dereva wake akashuka, akabishana na karani kuhusu turubai lililochanika, akashinda, akapanda tena, akaondoka. La tatu lilipokuwa linatia gurudumu ndipo kwa mbali king'ora kikalia.

"Dada," alisema Aidan kwenye simu, "nilidhani umeenda kunywa chai."

"Niko hapahapa."

"Ulikuwa hapo? Basi ingekuwa kweli, hao watu saa hizi wangekuwa wanaelea ziwani kwa akina Wanyasa."

Alisema kwa utani.

Ottilia alielewa mara moja. Ili kuishusha programu ya king'ora, msimamizi alihitaji nafasi. Ili apate nafasi ilimbidi apandishe kipande cha kamera. Kamera ikakitaka kipande chake papo hapo, kikashushwa, kikasukuma kingine. Jiko zima liligeuka kazi ya kupanda na kushuka ngazi, na hakuna aliyepika.

Alikwenda kwa Injinia Steven na maneno yamepangwa kichwani.

"Mashine imejaa. Tuongeze kumbukumbu, au tupunguze kamera. Hata kama hamtaki yote mawili, niruhusuni nifunge programu ya king'ora kwenye nafasi yake isipandishwe darini kamwe. Ni amri moja tu. Nenosiri la amri hiyo liko kwa wakandarasi Dar."

Steven alimsikiliza huku anasafisha miwani. Akawapigia wakandarasi, akaweka spika. Kijana wa upande wa pili alikuwa anatafuna kitu.

"Kama shida ni swapu," alisema kijana, "tuifunge swapu. Kila kitu kibaki kwenye kumbukumbu. Itakuwa inakimbia kama mpya."

"Ukifunga dari," Ottilia alisema, "siku jiko likijaa msimamizi hatakuwa na mahali pa kuweka vitu. Atachagua programu moja aiue."

"Hilo tumeliona, dada yangu. Mizani na kamera tumeziwekea alama, haziguswi."

"Na king'ora?"

Kutafuna kukakoma kidogo. "Hicho kimo kwenye mkataba wetu? Andika ombi, tutaliangalia."

Simu ilipokatwa Ottilia bado alikuwa amesimama. "Injinia, programu zenu mmeziwekea alama. Atakayetolewa ni yule asiye na alama. Unajua hilo?"

"Walioomba kimya si mimi," Steven alisema, akavaa miwani. "Ni ndugu zako. Ulikuja hapa ukaniambia ni desturi, nikaheshimu desturi. Leo umegeuka unanifundisha?"

Ottilia akarudi kwenye kontena. Swapu ikafungwa siku hiyohiyo. Aliandika ombi, likajibiwa kwamba limepokelewa. Aliandika tena; likajibiwa hivyohivyo, herufi kwa herufi. Angeweza kulirudisha lile jaribio la saa sita kwa vidole vilevile vilivyoliondoa, nalo hakulirudisha, kwa sababu ya mkataba, na kwa sababu ya ile sentensi ya Steven. Jumapili alishuka Bondeni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona umekonda? Hebu niambie, hiki king'ora chetu ni kizima? Mvua za mwaka huu sizipendi."

"Ni kizima, bibi."

"Basi nalala. Wewe ukiwa kule mimi sina wasiwasi."

Ni kizima, bibi. Maneno matatu. Atayabeba mpaka kaburini kwake mwenyewe.

Jumamosi moja baada ya Pasaka mvua ilianza kabla ya alfajiri na haikupumua. Injinia Steven alikuwa ameteremka na wageni Mbamba Bay kuwalisha samaki mbasa wa kuchoma ufukweni. Malori yalikuwa yamepanga foleni kutoka mizanini mpaka kwenye kona, madereva wanagombana nani achukue zamu ya nani, na kila kamera ilikuwa inameza picha za mvua, maana kwa kamera kila tone ni kitu kinachotembea.

Mchana simu ya Ottilia ikaita. Aidan alikuwa anapiga kelele kushinda upepo.

"Boya limepita alama! Limepita kabisa! Mbona hukipigi?"

Ottilia aligeukia kioo. Mizani ilikuwepo. Kamera zilikuwepo, zote. Pale lilipokuwa jina la king'ora hapakuwa na kitu. Mashine ilijaa, msimamizi akatazama huku na huku, akapita waliowekewa alama, akamchukua aliyebaki. Haukutoka hata mlio wa onyo. Huwa halii anayechukuliwa namna hiyo.

Aliiwasha upya. Ikainuka, ikauawa. Akaiwasha tena, ikauawa kabla jina lake halijakamilika kwenye kioo. Kuzima kamera kulitaka nenosiri. Alipiga Dar, simu ikaimba muziki. Alimpigia Steven, akasikia vicheko na mawimbi, kisha ikakatika. Akampigia Mwenyekiti.

"Baba Kilian, toeni watu! Maji yamepita alama!"

"Lakini king'ora hakijalia, mwanangu."

"Hakitalia! Kimekufa!"

"Sasa nitawatoaje wazee kwenye mvua hii king'ora hakijalia? Si wewe mwenyewe ulimwambia Mama Tadea kwamba ni kizima? Tulikubaliana hapa, mkutano mzima: kikilia, tunatoka. Ngoja nichungulie nje."

Simu ya Bibi ilikuwa imezimwa. Alikuwa akiiwasha jioni tu, atunze chaji. Ottilia akatoka mbio. Kiatu kimoja kilibaki kwenye tope la mizani na hakurudi kukichukua. Lori la kwanza kwenye foleni lilikuwa la Abdulazizi, mtoto wa muuza vitambaa wa Mbinga mjini, aliyezoea kumtania kila wiki.

"Ee, Mama Kompyuta! Leo umekuja kunioa kwa miguu?"

"Abdulazizi, bwawa linamwagika. Shuka na lori mpaka Bondeni, piga honi, usiiachie. Wote, pigeni honi!"

Uso wa dereva ulibadilika. Hakuuliza uzito wake utasomwa na nani. Akageuza lori zima kwenye tope huku anawapungia wenzake, na malori yakaanza kuteremka moja nyuma ya jingine, honi zimeshikiliwa, bonde zima likatetemeka.

Na Bondeni wakasikia. Lakini wewe unajua foleni ya magari yenye honi, Jumamosi baada ya Kwaresima, maana yake nini Mbinga nzima. Walidhani ni harusi. Wanawake wakajitupia khanga kichwani wakatoka na vigelegele, watoto wakakimbilia barabarani kumwona bibi harusi, wazee wakafuata kwa sababu ya watoto. Barabara iko juu. Walipanda wakicheka kuelekea kwenye uhai wao, wala hawakujua.

Lidia aligonga mlango wa Bibi Tadea akipita. "Mama, toka, kuna harusi ya malori!"

"Harusi ya nani kwenye tope hili?" Bibi alijibu kutoka ndani. "Nendeni mkanitazamie gauni. Mimi magoti yangu leo hayataki. Maji yakiwa ya hatari king'ora kitalia. Ottilia ndiye mwenyewe kule, akiniita nitasikia."

Ukuta haukubomoka. Hilo kampuni imelirudia mara nyingi, na ni kweli: haukubomoka. Ukingo wake wa juu uliteleza tu, na tope jeusi likashuka kwenye nyumba za chini, bila haraka, zito, likiingia kwa mlango kama mtu mwenye nyumba. Ottilia alifika barabarani akiwa juu ya ngazi ya lori, akaanza kuhesabu nyuso kati ya khanga zilizolowa. Alizipitia mara moja. Alizipitia tena.

"Bibi yuko wapi?"

Vigelegele vilikatika kimoja kimoja.

Walimpata kesho yake kwenye migomba, mbali na mlango wake.

Mashine haikusimama hata dakika moja siku ile. Picha zote zipo, safi, za kila lori, na mojawapo inamwonyesha Ottilia akikimbia mvuani na kiatu kimoja. Picha hiyo ndiyo iliyotumika kumfukuza: aliacha kituo cha kazi, aliruhusu malori kuondoka bila kupimwa. Kuhusu bwawa, ripoti ilisema mvua ilikuwa isiyo ya kawaida. Kuhusu king'ora haikusema kitu.

Kwenye mazishi Injinia Steven alikuja na suti nyeusi. Alisimama mbele ya jeneza akasema kampuni inaungana na familia, na kwamba kwa heshima ya marehemu king'ora hakitasumbua msiba huu. Watu wakaitikia kwa kichwa, kama ilivyo adabu.

"Kilie," alisema Ottilia.

Lidia alimshika mkono. "Nyamaza, mdogo wangu. Kuna maiti."

"Kilie sasa hivi! Tumenyamaza, wametupandisha darini, wametufungia na dari yenyewe. Kilie yeye akiwa hapa asikie!"

Shangazi zake wakamzunguka, wakamfunika uso kwa khanga, wakamwondoa taratibu. Walisema ni uchungu.

Sasa sikiliza wewe. Juu ya ule ukingo ulioteleza wamemwaga kifusi kipya, bwawa limepandishwa lipokee zaidi, na nyuma yake maji yanakusanyika tena. Kamera zimeongezwa. Dari bado imefungwa. Programu ya king'ora imewashwa upya katika mashine ileile, bila alama, ili mkaguzi akija aone jina kwenye kioo. Lidia analala pale chini na wanawe wawili waliobaki. Mwenyekiti Kilian anasubiri kilie ndipo awatoe.

Na wewe umekaa. Usiseme utaliwaza. Usisubiri serikali, usisubiri wageni, usisubiri mvua ikuthibitishie. Ukiwa kwenye basi, gonga bodi lisimame, ushuke. Ukiwa Mbinga, ingia kwa diwani wako ukiwa na watu kumi nyuma yako, msitoke mpaka avae viatu mwende naye. Simameni kwenye lile geti mkidai king'ora kipigwe mbele ya macho yenu, leo, na kesho, na kila siku ya Mungu, na kisipolia shukeni wenyewe Bondeni mgonge mlango hadi mlango, mmbebe mgongoni kila mwenye magoti mabovu. Mawingu yameshajikusanya upande wa ziwa. Inuka. Nenda sasa.